Mashuka Yasiyotaka Maji ya Moto

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ameshauza karibu kila kitu ambacho mtu mwenye akili timamu hakihitaji. Aliwahi kuuza mikanda ya kupunguza tumbo, na yeye mwenyewe tumbo lake huingia mlangoni kwanza, kisha yeye hufuata. Kwa hiyo siku alipotokea maabara kwetu, pale hospitalini, amevaa shati jeupe na tabasamu la mtu aliyeona mwanga, nilijua tumekwisha.

"Shem," akaniambia, "unaliona shati hili?"

"Naliona."

"Leo siku ya ishirini na sita nalivaa. Halijaguswa na maji. Hebu nusa."

Mimi ni mtaalamu wa maabara. Napima damu, mkojo, makohozi, usaha, na chochote kingine ambacho mwili wa binadamu umeamua kukitoa. Katika miaka kumi na minne ya kazi sijawahi kukataa sampuli. Siku ile nilikataa.

Hakuvunjika moyo. Akavuta kiti, akanieleza. Kitambaa kile kilikuwa kimetiwa chembechembe za fedha, ndogo mno, ukizipanga maelfu kwa maelfu hazifikishi unene wa unywele. Fedha ile ya pete na vijiko, si ile ya mfukoni, ingawa kwa jinsi wakubwa wetu walivyoikimbilia baadaye ungedhani ni hiyo ya pili. Bakteria akiigusa, anakufa. Kampuni iliyomwajiri ilikuwa inatengeneza mashuka ya hospitali kwa kitambaa hicho, na sifa yake kuu, alinong'ona kana kwamba ukuta ungeiba siri, ni kwamba hayataki maji ya moto wala klorini. Moto unaharibu fedha. Yanataka maji baridi na sabuni kidogo. Mengine yanajimalizia yenyewe.

"Yanajifua?" nikauliza.

"Karibu sawa na hivyo."

Mkuu wa hospitali, ambaye sote tulimwita Daktari Mkuu, alikuwa ameshaamini kabla hata shemeji hajamaliza salamu. Zamani alikuwa daktari hodari wa upasuaji, kabla hajapewa ofisi yenye zulia. Tangu apate zulia, alipenda kila kilichoitwa cha kisasa, na alichukia kila kilichotoa mvuke. Kule nyuma tulikuwa na boila kuukuu la chumba cha kufulia, linalokoroma kama mzee mwenye kikohozi, na mvuke wake ulipita moja kwa moja mbele ya dirisha lake. Mashuka yasiyotaka maji ya moto! Mtu angedhani ameletewa majibu ya maombi yake.

Kilichobaki ni karatasi moja ya maabara ya kuthibitisha. Sampuli niliipata Jumatano. Uzinduzi ulikuwa Ijumaa.

Nilifanya kipimo. Nilipaka bakteria wa vidonda kwenye kisahani cha kuoteshea, nikakata kipande cha shuka jipya cha ukubwa wa kifungo, nikakiweka katikati, nikakifungia kwenye joto hadi kesho yake. Alhamisi nilipofungua, bakteria walikuwa wamejaa kisahani kizima, isipokuwa kukizunguka kile kipande. Pale palikuwa na duara safi, jeupe, la kupendeza. Sitakuwa mchoyo wa ukweli: kitambaa kilifanya kazi. Fedha inaua bakteria, hilo halina ubishi.

Nikaandika: "Kitambaa kipya kimeonesha uwezo wa kuzuia bakteria. Hakijapimwa baada ya kufuliwa." Kabla sijatia sahihi, simu ikalia. Ni dada.

"Nasikia unamzungusha mwenzako," akaanza, bila salamu.

"Simzungushi. Napima."

"Mara hii moja amepata kazi ya maana. Mara moja tu, mdogo wangu. Usimtie mchanga kwenye kitumbua chake. Hiyo sentensi ya pili ni ya nini?"

Sikumuuliza amejuaje kama kuna sentensi ya pili. Shemeji alikuwa ameegemea mlango wangu muda wote, anatazama dari kwa unyenyekevu mkubwa. Nikaandika upya, nikaliondoa neno "kipya", nikaiondoa sentensi ya pili, nikatia sahihi, nikapiga muhuri. Muhuri wetu una wino mzuri sana.

Ijumaa asubuhi niliona kipeperushi. Kilikuwa kimebandikwa kila ukuta, na sentensi yangu ilikuwa imenenepa kwa usiku mmoja: "Maabara imethibitisha! Mashuka haya huua asilimia tisini na tisa nukta tisa ya bakteria, maisha yake yote!" Chini yake, jina langu, cheo changu na sahihi yangu. Sahihi ilikuwa yangu. Maneno hayakuwa sahihi hata kidogo. Nilisimama pale nikajiambia nitakwenda kulalamika baada ya uzinduzi. Kisha nikajiambia nitakwenda Jumatatu. Jumatatu nilikuwa na kazi nyingi.

Uzinduzi ulifanyika wodi ya upasuaji, kitanda namba kumi na moja. Walikifunga utepe kitanda, na mgonjwa yumo. Walimchagua yeye kwa sababu alikuwa amepasuliwa nyonga siku mbili kabla, kwa hiyo asingeweza kuondoka. Alikuwa mwalimu mstaafu, mama wa miaka sabini na kidogo, mwembamba, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko kisu kilichompasua. Daktari Mkuu akakata utepe, watu wakapiga makofi, shemeji akainama kwa heshima, akamsalimu mgonjwa.

"Shikamoo, Mwalimu. Unajisikiaje kulala juu ya fedha?"

"Marahaba. Likitapikiwa je, hili?"

"Mwalimu, hata hapo bakteria hawaponi!"

"Sijauliza habari za bakteria. Nimeuliza matapishi."

Watu walicheka. Daktari Mkuu akasema wagonjwa wetu wana ucheshi, na hiyo ni dalili ya kupona.

Jumamosi yake boila likazimwa. Mkuu wa chumba cha kufulia alikuwa mama mmoja tuliyemwita Mama Mvuke, mwenye mikono ya mtu anayeweza kukukamua kama taulo. Alikuwa na miaka ishirini na miwili mle ndani. Alipopewa amri, aliisoma mara mbili, akanijia maabara.

"Mwanangu, hapa wameandika maji baridi tu, bila klorini. Na damu?"

"Shuka litashughulikia," nikamjibu, nikirudia maneno ya kipeperushi.

Akacheka sana, akashika kiuno. Kisha akaona mimi sicheki, akaacha. Akatazama jina langu ukutani, akatoka. Nakumbuka vizuri jinsi alivyofunga mlango, taratibu, kama mtu anayetoka chumba cha msiba.

Kwa kawaida nilikuwa napokea pamba za usaha kutoka wodi ya upasuaji mbili au tatu kwa wiki. Wiki ya pili ya mashuka ya fedha nilipokea tano. Wiki ya tatu, tisa. Bakteria walikuwa walewale, jamaa wale wanaopenda mishono mibichi, na mmojawapo alitoka kitanda namba kumi na moja. Mwalimu, ambaye alitakiwa awe kwake anamwagilia maua, alikuwa na homa, na mshono wake ulikuwa umefunguka urefu wa kidole kizima.

Huku nyuma, shemeji alikuwa amefikisha siku ya hamsini ya shati lake. Alikuja kuniona akiwa na ukurutu kuanzia kwapani hadi kiunoni, anajikuna kwa kificho.

"Ni hali ya hewa," akasema.

"Vua nione."

Niligandamiza kola ya shati lile kwenye kisahani. Kesho yake kilikuwa kimeota kila rangi, kama bustani. Hao bakteria wengi hawakuwa na madhara makubwa, na ukurutu ulikuwa wa jasho na uchafu tu, wala si wa fedha. Lakini hawakuwa wamekufa. Walikuwa wanaishi juu ya fedha kama matajiri.

Hapo ndipo nilipoona aibu ya kweli, nikafanya kile ambacho nilitakiwa kukifanya ile Jumatano. Nikaenda chumba cha kufulia.

Mama Mvuke hakunikaribisha kiti. Alinivutia shuka kutoka rafu ya mashuka safi, akalikunjua mbele ya uso wangu. Katikati palikuwa na doa la kahawia la ukubwa wa sahani.

"Hili limefuliwa jana," akasema. "Maji baridi, sabuni kidogo. Fedha inamalizia."

"Nimekuja kuomba msaada wako, mama."

"Msaada wangu ulikuwa hapa tangu siku ile nilipokuuliza. Haya, sema."

Tulifanya kazi siku nane. Yeye alifua vipande vya shuka jipya, kimoja mara tano, kingine mara kumi, kingine mara ishirini, akavitia alama kwa uzi ili nisichanganye. Mimi niliviweka kwenye visahani. Kipande kipya kilitoa duara lile lile la kupendeza. Kilichofuliwa mara tano kilitoa duara jembamba kama ukucha. Cha mara kumi, hakuna duara. Cha mara ishirini, bakteria walikuwa wamepanda hadi juu ya kitambaa chenyewe, wamekaa raha mustarehe. Nikachukua na kipya kingine, nikakipaka damu kidogo kabla ya kukipima, kwa sababu hospitalini mashuka hukutana na damu kabla hayajakutana na bakteria wa maabara. Duara likapungua nusu. Mwisho nikagandamiza visahani juu ya mashuka "safi" ya rafuni. Vilijaa bakteria hata sikuwa na haja ya kuhesabu.

Maji ya kufulia niliyapeleka kwa mkemia mmoja wa chuo, niliyesoma naye, maana mimi sina chombo cha kupimia fedha. Alinipigia baada ya wiki.

"Fedha yenu nimeiona," akasema. "Nyingi imo humu kwenye maji. Mnaifua mnaimwaga. Maji yenu yanakwenda wapi?"

"Mabwawa ya majitaka, nyuma ya ukuta."

"Mabwawa yale yanasafishwa na nini?"

Nilijua jibu, na sikulipenda. Yanasafishwa na bakteria. Kule nyuma ya ukuta bakteria ni wafanyakazi wetu, wanatafuna uchafu mchana na usiku bila likizo, na sisi tulikuwa tunawamwagia sumu tuliyoinunua kwa ajili ya ndugu zao wabaya.

"Wamedhurika?" nikauliza.

"Sijui. Kwa kiasi hiki, huenda hapana. Ikiendelea miaka, sijui. Hilo linachunguzwa bado."

Kwa zaidi ya mwezi nilikuwa nimesikia habari za mashuka yale kutoka kwa watu wenye uhakika mwingi. Hiyo "sijui" ilikuwa sentensi ya kwanza ya kweli.

Nilipeleka visahani vyangu kwa Daktari Mkuu, nikavipanga juu ya meza yake. Alivitazama kwa mbali, mikono nyuma, kama mtu anayetazama mbwa wa jirani.

"Hii ni kazi nzuri," akasema. "Nzuri sana. Lakini sahihi iliyoko kwenye kipeperushi si ya kwako?"

"Ni yangu."

"Basi wewe unampinga nani?"

Akaunda kamati. Kamati ilikuwa na watu saba, mmoja wao shemeji yangu, aliyeitwa mtaalamu mwalikwa. Ilikutana mara mbili. Mara ya kwanza ilichagua katibu. Mara ya pili iligundua kwamba tatizo ni wauguzi kutonawa mikono. Lililoniuma ni kwamba hilo nalo lilikuwa na ukweli wake, wauguzi walikuwa wachache na mabomba mawili yalikuwa mabovu. Uongo mtupu ungekuwa rahisi kuubomoa. Waliazimia kununua bango la kuwakumbusha watu kunawa. Mabomba hayakutajwa.

Siku ile, kikao kilipoisha, nilikwenda kitanda namba kumi na moja. Nilikaa kwenye kiti cha wageni. Mwalimu alikuwa amekonda zaidi, macho yamezama, lakini alikuwa anasahihisha kwa kalamu karatasi ya maelekezo ya dawa aliyopewa na wodi.

"Wameandika 'meza' mara mbili kwenye mstari mmoja," akasema. "Nawe una nini? Una uso wa mtoto aliyevunja kitu."

"Mwalimu, jina lililoko kwenye kipeperushi kile ni langu."

Akashusha kalamu. Nikamweleza yote: shuka jipya, duara, simu ya dada, neno nililoliondoa. Nilimwambia pia kwamba siwezi kuapa kuwa ni shuka lililomtia bakteria, yaweza kuwa mkono wa mtu, yaweza kuwa bomba, lakini mashuka yale hayakuwa safi na mimi nilisema yanaua. Sikulia. Nilitaka kulia, nikaona huo nao ni ujanja.

"Ulilipima mara ngapi?" akauliza.

"Mara moja."

"Likiwa jipya."

"Ndiyo."

"Nilifundisha darasa la nne miaka thelathini na moja. Ningewauliza wale watoto, shuka likishalaliwa hufanywa nini, wangenyoosha mikono wote. Wote! Hata yule aliyekuwa analala nyuma." Akahema. "Na wewe una shahada."

"Ninayo."

"Basi usije kunihuzunikia hapa, huzuni yako hainifungi mshono. Nenda kaandike. Na safari hii andika sentensi ya pili."

Niliandika barua asubuhi yake. Nilisema nafuta uthibitisho wangu, nikaeleza vipimo vyote kwa maneno ambayo mtoto wa darasa la nne angeyaelewa, nikaandika pia habari za mabomba. Nakala moja kwa Daktari Mkuu, moja kwa kampuni, moja kwa ofisi inayotusimamia sote. Ya nne niliibandika wodini juu ya kipeperushi, sawasawa juu ya ile asilimia tisini na tisa nukta tisa.

Mama Mvuke aliisoma akiwa amesimama. Aliteremka chumba cha kufulia, na baada ya nusu saa tukasikia boila linakohoa, linakohoa tena, kisha linakoroma.

Daktari Mkuu alishuka mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kutokea. Nami nilikuwepo, nimepeleka visahani vipya. Alisimama mlangoni, miwani imejaa mvuke.

"Nani ameruhusu?"

"Mimi," akasema Mama Mvuke.

"Moto unaharibu fedha iliyoko kwenye mashuka!"

"Daktari, fedha ilishakwenda zake. Muulize huyu. Iko bwawani."

"Nitakuandikia barua ya onyo."

"Andika kwa herufi kubwa, baba, macho yangu na mvuke havipatani."

Akaagiza lizimwe. Wafuaji wanne waliokuwa mle ndani wakawa na kazi nyingi ghafla. Mmoja alikunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa. Valvu ya kulizimia ilikuwa pale pale, umbali wa hatua mbili kutoka kwa Daktari Mkuu, ila ilikuwa ya moto, na yeye alikuwa amevaa suti. Akaitazama. Akapangusa miwani. Akaondoka.

Barua za onyo zilikuja kweli, mbili, ya Mama Mvuke na yangu. Yangu ilisema nimetumia gundi kwenye ukuta wa hospitali bila kibali.

Wiki sita baadaye pamba za usaha zilikuwa zimerudi kuwa mbili kwa wiki. Mabomba nayo yalikuwa yametengenezwa kimyakimya, baada ya ofisi ile ya juu kutuma mtu aliyeuliza maswali mafupi. Kwa hiyo sijui sehemu ipi ni ya maji ya moto na ipi ni ya mabomba, na nimeandika hivyo hivyo kwenye taarifa yangu. Daktari Mkuu hakusumbuliwa na mashaka ya namna hiyo. Kwenye mkutano mkuu wa mwaka alisimama akatangaza kwamba tangu hospitali ianze kutumia mashuka ya fedha, maambukizi yameshuka kwa kiwango cha kutia moyo. Alipigiwa makofi kwa muda mrefu. Hakuna aliyemuuliza yalikuwa yamepandaje kwanza.

Kampuni nayo haikulala. Ilitoa kipeperushi kipya, chenye picha ya mvuke mzuri: "Sasa Yanastahimili Kuchemshwa! Yachemshe vizuri kwa klorini, uone yanavyoua bakteria!" Nilikisoma mara tatu nikitafuta uongo, sikuuona. Hata kaniki ya bibi yako ukiichemsha kwa klorini inaua bakteria. Jina langu halikuwemo. Nadhani huo ndio ushindi niliopewa.

Dada hakunisemesha kwa miezi miwili. Kisha siku moja akapiga simu, akazungumza habari za mvua, za watoto, za magoti yake, na mwisho akasema mumewe ameacha mashuka, sasa anauza soksi.

"Za fedha?" nikauliza.

"Za shaba," akasema, na kila mmoja wetu akajizuia asiwe wa kwanza kucheka.

Mwalimu aliruhusiwa kutoka baada ya wiki kumi na moja badala ya mbili. Mguu mmoja sasa ni mfupi kidogo kuliko mwingine, na hautarefuka. Nilimkuta kwenye ukumbi anatembea na gongo, hatua kwa hatua, mwanawe wa kiume akimfuata nyuma na kiti cha magurudumu ambacho alikuwa amekikataa mara tatu. Nikakimbilia kumshika mkono.

"Usinishike mimi," akasema bila kunitazama. "Shika mlango."

Nikashika mlango. Alipita polepole sana, na nilisimama pale nimeuzuia kwa mgongo mpaka gari lao likaondoka.